Kaa Dirisha la Kushoto

Ukipanda matatu ya Bomet kutoka Nairobi, kaa upande wa kushoto, dirishani. Konda atakwambia viti vyote vinafika Bomet. Ni kweli, lakini havifiki sawa. Baada ya Limuru, barabara ya zamani inapoanza kuteremka kuelekea Mai Mahiu, ardhi inakatika ghafla chini ya kiwiko chako na Bonde la Ufa lote linatandazwa pale, na Longonot mbele imekaa kama chungu kilichomegeka mdomo. Walioketi kulia wanaona mawe, na wakibahatika wanaona nyani. Chini kabisa kuna kanisa dogo sana, lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakichonga barabara hii. Matatu haisimami. Unaliona kwa sekunde tatu, kisha ni vumbi la Mai Mahiu, malori, na wauza mahindi.

Niliondoka Jumatano moja ya Agosti, na wenzangu kazini waliuliza nani amekufa. Hawakuwa wakitania. Sisi tuliokulia mitaani huenda ushago kwa sababu mbili, mazishi na Krismasi. Likizo ni Diani ukiwa na pesa, Naivasha ukiwa na nusu yake. Nikasema hakuna aliyekufa. "Sasa unaenda kufanya nini siku nne?" Kutembea, nikajibu, na hiyo ilikuwa nusu ya ukweli.

Nusu ya pili ilikuwa mkutano wa Jumamosi. Kogo, nyanya yangu mzaa mama, ana ekari moja na nusu ya majani chai huko Konoin, juu juu kwenye miinuko ya Bomet. Mjomba mkubwa alitaka ing'olewe, ipandwe avokado. Mathe ndiye kifungua mimba wa Kogo, lakini hakupata ruhusa kazini, kwa hivyo alinituma mimi. Alinipa sentensi moja ya kubeba, akanirudishia mara tatu kama mtu anayemtuma mtoto dukani: "Waambie chai ile ilinisomesha mimi na ikakusomesha wewe, na kama inagawanywa, nami nihesabiwe."

(Kumbuka namwita Mathe kwa sababu nzuri. Kwa Kikipsigis, mjomba, kaka wa mama, anaitwa "mama". Utotoni nilikuwa na mama mmoja Nairobi na akina mama watatu wenye ndevu Konoin, na hakuna mwalimu wa chekechea aliyewahi kunielewa.)

Narok ni pa kunywa chai, na chai ya Narok ni mbaya. Nasema hivi kwa upendo. Ukitoka hapo unapita mashamba ya ngano, Ololulung'a, kisha Mulot, na Mulot ndipo nchi inabadilika. Huoni mstari wowote, lakini udongo unakuwa mwekundu zaidi, hewa inaingia baridi kupitia lile dirisha ambalo halifungi vizuri, na watu wanaopanda wamevaa makoti. Lugha ndani ya gari inageuka pia. Konda aliyekuwa akitupigia Sheng tangu River Road sasa anasema "chamgei" kwa kila mama anayeingia, na sauti yake imeshuka, ameshika adabu. Nilipenda sana kumwona akifanya vile. Sote tuna mtu wa nyumbani ndani yetu, na wa kwake alikuwa ametokea hapo Mulot.

Bomet mjini unavuka Nyangores. Mto wenyewe hautishi, ni wa kahawia na una haraka zake, lakini ukijua unakokwenda utautazama tena. Mbele unakutana na Amala na pamoja wanakuwa Mara, ule ule ambao nyumbu huuvuka watalii wakipiga kelele, kisha unaingia Serengeti na kumalizikia Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Mito ya kina Kogo, Itare na Kipsonoi, inaingia Sondu na kufika ziwa lile lile kwa upande wa Kenya. Yote inategemea msitu wa Mau. Mvua moja ikinyesha pale, huku inaota chai, kule inanywesha simba.

Sitasema mengi kuhusu Bomet hadi Kaplong kwa kuwa nililala.

Niliamshwa na jina Kapkatet. Ni mji mdogo wa barabarani, hospitali, maduka, bodaboda zimepangwa, na ukipita bila kujua chochote utapita tu. Lakini mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika nzima na mashine zake za kurekodi, alifika hapa akawarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba kuhusu kiumbe aitwaye Chemirocha. Kiumbe huyo alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani aliyefariki 1933, ambaye santuri zake zilifika huku na gramafoni. Jina likapita kwenye midomo ya Kikipsigis likatoka Chemirocha, na kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, wasichana walimfanya nusu mtu, nusu swara. Miaka zaidi ya 60 baadaye nakala za rekodi zile zililetwa tena huku, kwa wazee waliokuwa wakiimba wakiwa vijana.

Ninayo kwenye simu. Litein nilihama nikaingia Probox inayopanda kuelekea Mogogosiek, tukakaa wanne nyuma na wawili kwenye kiti cha mbele pamoja na dereva, bila kuhesabu buti, na mama mmoja aliyebeba jogoo akaniuliza nasikiza nini. Nikampa sikio moja la earphone. Akasikiza wimbo wote bila kusema neno, jogoo naye ametulia. Kisha akanirudishia. "Hawa ni wa wapi?" Kapkatet, nikamwambia, 1950. Akafikiri. "Wanaimba kama watu wameshiba." Kufikia Mogogosiek gari zima lilikuwa limesikiza, na dereva aliuliza kama naweza kumtumia kwa WhatsApp.

Sasa chai yenyewe. Picha umeziona, hata kwenye paketi jikoni kwenu ipo moja: kijani hadi upeo wa macho. Jambo ambalo picha haisemi ni kwamba kuna kijani mbili. Ya kwanza ni ya makampuni, upande wa Kericho: meza moja ndefu iliyosawazishwa, vilima vimenyolewa, barabara zimenyooka, nyumba ndogo za wafanyakazi zimepangwa mstari. Ya pili ni ya watu kama Kogo: kipande cha chai, kipande cha mahindi, ng'ombe wawili, mikaratusi mpakani, kaburi la babu, kipande kingine cha chai. Ya kwanza ni nzuri kwa droni. Ya pili ni ya kutembelea kwa miguu, kwa sababu kila hatua hamsini kuna mtu anayekuuliza wewe ni wa nani.

Nami nina jibu. Hiyo ndiyo raha ya safari hii ambayo Diani haiwezi kunipa hata nikilipa. Nilitembea kutoka barabarani hadi kwa Kogo, na nikasimamishwa mara tano, na mara zote tano nikataja jina la Mathe, si la babu wala la mjomba. Mara zote walimjua. Mzee mmoja alisema, "Yule wa kikapu," akacheka peke yake akaenda zake. Niliambiwa baadaye kwamba Mathe alikuwa akichuna kabla ya shule, saa kumi na mbili asubuhi na umande wote ule, na siku moja alifika darasani na kikapu mgongoni bila kujua.

Kogo alinishika uso kwa mikono miwili. Mikono ya mchunaji ina rangi yake. Utomvu wa chai unaingia kwenye mistari ya vidole na hautoki. Akanipa mursik kutoka kwenye kibuyu, yenye majivu ya mkaa wa senetwet, na ugali wa wimbi. Mursik ni ile ambayo wanariadha wetu hunyweshwa uwanja wa ndege wakirudi na medali, na nikiri kwamba kamera zikiwepo kila mtu huipenda. Mimi huipenda kweli. Wilson Kiprugut Chuma, wa kutoka Kericho, aliyeleta medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya, shaba ya mita 800 kule Tokyo 1964, alilelewa kwa kitu hiki hiki.

Giza lilikuwa limeshaingia, kwa hiyo sikuona shamba hadi asubuhi.

Nilitoka nje na mswaki mdomoni, na chai haikuwepo.

Mashina yalikuwepo. Safu kwa safu za vijiti vilivyokatwa kwenye usawa wa goti, bila jani hata moja, kama shamba lililopita moto. Matawi yamelazwa katikati ya safu. Nilidhani mjomba ameshafanya aliyotaka kufanya. Kogo alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe.

"Nimeipogoa," akasema kwa Kiswahili, ili nisikose neno. "Jumatatu."

Chai hupogolewa kila baada ya miaka mitatu au minne. Usipoikata inageuka mti, inakuzidi urefu, na majani yake yanakuwa magumu. Ukishaikata unasubiri kama miezi mitatu hivi kabla hujaanza kuchuna tena, na miezi hiyo hupati kitu. Hakuna anayepogoa wiki ya mkutano wa familia kwa bahati mbaya. Mjomba alikuwa amepanga kuja na risiti za mizani, kuonyesha kilo zimeshuka. Sasa hakuna kilo za kupima. Na mtu akitaka kung'oa chai iliyopogolewa majuzi, kila jirani atamwuliza kwa nini hakungoja aone itakavyochipua. Kogo hakunieleza hata moja kati ya haya. Alikunywa chai yake akitazama vijiti vyake.

Kwa kuwa kwake hakukuwa na cha kuchuna, Alhamisi nilienda kwa jirani. Unachuna majani mawili na kichipukizi, hayo tu, yale laini ya juu, kwa mikono yote miwili, unayatupa nyuma ya bega bila kutazama kikapu. Rahisi. Baada ya saa moja mgongo wangu ulikuwa na maoni tofauti. Lakini hebu niseme ukweli ambao watu wa mijini tunaogopa kuusema tusionekane wajinga: nilifurahia. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni, maji ya umande yanapenya hadi ndani ya gamboti, na wale wanawake walikuwa wakisimuliana kesi ya mtu aliyeiba ng'ombe akampeleka kuuza kwa mwenye ng'ombe. Furaha yangu haikuwa na bili ya kulipa mwisho wa mwezi, najua. Yao ilikuwa nayo na bado walikuwa wakicheka kuniliko.

Kwenye kituo cha kununulia, karani alining'iniza mfuko wangu kwenye mizani: kilo saba. Jirani yangu, mwenye umri wa Mathe, alikuwa na thelathini na moja. Alikuwa pia na safu chache za chai ya zambarau, ile TRFK 306 iliyotolewa na watafiti wa Kericho mwaka 2011, majani yake yana rangi ya zabibu. Aliambiwa itamtajirisha. Mizani pale haina rangi, akasema, inasoma kilo tu.

Ngoja nikae hapa kidogo kwa sababu ndipo ugomvi wa familia yetu unapoanzia. Mkulima mdogo analipwa kiasi kidogo kwa kilo kila mwezi, kisha mara moja kwa mwaka anapata bonasi, kulingana na jinsi kiwanda chake kilivyouza kwenye mnada wa Mombasa. Bonasi ndiyo karo, ndiyo mabati, ndiyo ng'ombe. Na kila Oktoba wakulima wa huku, magharibi mwa Bonde la Ufa, husikia redioni bonasi ya wenzao wa upande wa Mlima Kenya, na hukasirika, kwa sababu yao huwa ndogo zaidi. Hapo ndipo avokado inaingia kwenye mazungumzo. Kenya huuza nje chai nyeusi nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na mjomba wangu ameichoka. Simcheki. Nimeona daftari lake.

Ila kuna hesabu nyingine ambayo haiko kwenye daftari. Wakati wa ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kupanda chai. Ilipandwa Limuru mara ya kwanza 1903, makampuni yakaileta Kericho miaka ya 1920, na watu wa huku waliruhusiwa kuichuna lakini si kuimiliki, hadi Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipofungua mlango. Babu alipanda miche yake 1971, Kogo akiwa na mimba ya Mathe. Kwa wazee wale, shina la chai mbele ya nyumba lilikuwa kitu ambacho mzungu alikikatalia. Kogo anakumbuka. Avokado hakuna aliyewahi kuwanyima.

Ijumaa nilienda Kericho mjini kumtembelea mjomba mdogo, ambaye anafanya kazi kwenye shamba la kampuni moja pale. Kericho ni mji wa kutembea na mwavuli. Asubuhi jua, mchana mawingu yanajikusanya kutoka upande wa ziwa, saa tisa mvua. Watu wamezoea hadi hawakimbii.

Nenda uone Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu. Lilifunguliwa 2015, limechorwa na John McAslan na wenzake wa London, na kwa nje ni paa tu, paa moja kubwa la vigae linalopanda kidogo kidogo kama kilima kilichoamua kusimama. Ndani kunaingia watu 1,500. Siku ile tulikuwa wanne na fundi wa umeme. Halafu, ukiwa na njaa, nenda kwenye hekalu la Masingasinga. Unavua viatu, unafunika kichwa, unaosha mikono, unaketi, unapewa chapati na dengu, na hakuna anayekuuliza dini yako wala pesa. Wapo Masingasinga Birmingham wanaolitaja jina la Kericho kwa heshima kubwa, kwa sababu ya Baba Puran Singh aliyeishi hapa miaka mingi kabla ya kuhamia Uingereza. Nilikula mara mbili. Muhudumu alinitazama akanimwagia tena dengu kabla sijafikiria kuomba.

Mjomba mdogo alinipeleka kwenye kilima ambapo unaona mashamba ya makampuni hadi yanapogusana na msitu wa Mau. Nilipiga picha arobaini. Yeye alikaa kwenye jiwe. Hii ardhi, akasema, ilikuwa na wenyewe. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalum ya kuuhamisha ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, wakapelekwa Gwassi karibu na ziwa, kwenye mbung'o na malaria, wakakaa huko karibu miaka thelathini. Familia nyingine zilisukumwa pembeni kupisha chai. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walilizungumzia suala hilo, na 2022 Waliofukuzwa na vizazi vyao waliipeleka Uingereza kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mjomba anajua tarehe hizi kama wengine wanavyojua mabao ya Arsenal.

Zamani alikuwa akichuna kwa mkono. Siku hizi anashika upande mmoja wa mashine. Watu wawili wanaibeba, inapita juu ya meza ya chai kama mashine ya kinyozi, na kazi ya kundi zima inaisha kabla ya saa ya chakula. "Siku ya kwanza nilifurahi, mgongo ulipona," akasema. "Siku ya pili nikauliza wale wengine wako wapi." Mei 2023 waandamanaji hapa Kericho walichoma mashine kama ile, na mtu mmoja akauawa. Miezi mitatu kabla yake BBC ilikuwa imeonyesha uchunguzi wa jinsi wanawake walivyodhulumiwa kingono na wasimamizi kwenye mashamba ya chai. Nilitazama tena picha zangu arobaini. Zilikuwa bado nzuri. Sikufuta hata moja, na sitajifanya kwamba kujua kulizifanya ziwe mbaya; mahali panaweza kupendeza hivyo na bado pakawa na deni. Nilimwuliza mjomba atasema nini kesho. "Mimi ni wa mwisho," akasema. "Wa mwisho huulizwa mwisho."

Mkutano ulianza saa nane, chini ya mti, viti vya plastiki. Wajomba watatu, mzee wa kijiji kama shahidi, wake wa wajomba upande wao, binamu yangu wa kidato cha nne na kalamu, na mimi na simu yangu, ambamo Mathe alikuwa amepiga wakati wa mapumziko yake na kukaa kimya kwenye spika. Mjomba mkubwa aliongea vizuri. Alikuwa na bei za avokado, jina la mnunuzi, na miche 60 tayari imepandwa kwenye mifuko nyuma ya nyumba yake. Aligusia vijiti vya Kogo kwa adabu: mama yetu ameamua kuipumzisha, basi wakati ni mzuri.

Nilisimama nikatoa sentensi yangu. Niliisema kwa Kikipsigis nilichokuwa nimekifanyia mazoezi kwenye matatu, na mzee wa kijiji akanirekebisha neno moja. Hakuna aliyejibu kwa sababu mvua ya mawe ilianza.

Sijui kama umewahi kusikia mvua ya mawe ya Kericho na Bomet kwenye paa la mabati. Maongezi yanakufa. Maeneo haya ni kati ya yanayopigwa na mawe mara nyingi zaidi duniani. Kericho imehesabiwa zaidi ya siku 100 kwa mwaka. Kuna utafiti wa Russell Schnell na mwenzake, uliochapishwa 1982, uliogundua kwamba chembe za majani makavu ya chai zinaweza kugandisha maji ya mawinguni. Wachunaji wanazitimua kwa miguu, zinapanda na hewa, na inawezekana ndizo zinazoanzisha mawe. Yaani chai inajipiga yenyewe. Nilimpigia kelele binamu yangu sikioni habari hiyo na akanitazama kama mtu wa Nairobi.

Dakika kumi na tano. Tulipotoka, ardhi ilikuwa nyeupe na watoto walikuwa wanakula mawe kwa viganja. Majani ya chai ya jirani, yale niliyochuna Alhamisi, yalikuwa yamechanika vipande, meza nzima imekuwa kama mboga iliyokatwa. Wiki mbili au tatu hawatachuna. Alisimama kwenye ua wake mikono kiunoni, kisha akaingia ndani kuwasha moto. Kwa Kogo vijiti vilisimama vilevile katikati ya barafu. Hakukuwa na jani la kuchanika. Mjomba mkubwa alitembea hadi mwisho wa safu na kurudi. Nadhani alikuwa akiiwaza miche yake 60.

Tulikaa tena ndani, kwenye moshi. Kogo alikuwa hajasema kitu mchana kutwa. Sasa alisema kwamba kile kipande cha chini kando ya mto hakijawahi kuipenda chai, maji yanatuama, mjomba achukue apande miti yake huko aone. Akasahihishwa na mzee kwamba avokado pia haipendi maji. Akasema basi achukue kile cha juu, karibu na barabara, robo ekari. Chai iliyobaki isiguswe hadi ichipue na ichunwe mwaka mzima. Mjomba mkubwa alifungua mdomo, akaufunga, akauliza kama robo inaanzia kwenye mkaratusi au baada yake. Mjomba mdogo alipoulizwa mwisho alisema yeye anataka tu mahali pa kurudi siku mashine ikishikwa na mtu mwingine.

Halafu Kogo alimgeukia binamu yangu mwenye kalamu. "Andika majina ya watoto wangu," akasema. "Wanne."

Binamu aliandika matatu kwa haraka, akasimama hapo akimtazama baba yake. Mjomba mkubwa alikuwa akitazama sufuria. Moto ulikuwa ukipasua kuni mbichi, zile zile za kupogoa, na moshi wa kuni za chai unauma macho kuliko mwingine, hivyo siwezi kusema nani alikuwa akilia na nani la.

"Lete simu," mzee wa kijiji akasema. "Tunahitaji namba ya kitambulisho."

Nikaisogeza katikati. Kulikuwa na kelele za mjini nyuma yake, honi, mtu akiita abiria. Kisha sauti ya Mathe, polepole, tarakimu moja moja, akangoja binamu aandike, akarudia tena kuanzia mwanzo.